Kungoja Mavi ya Farasi

Ujumbe ulikuja wa sauti, dakika tatu na nusu, na nusu ya hizo ilikuwa mvua juu ya mabati. Mpwa wangu alikuwa Mboko, kwetu Kongo kando ya ziwa Tanganyika, kwenye kibanda wanakochajia simu, na habari yake ilikuwa fupi kuliko salamu zake. Yeye na wenzake wanne wamepata hema mbili. Wanataka kuzisimamisha ufukweni, upande wa chini wa barabara, ili watu wa Uvira na wafanyakazi wa mashirika wanaopita kwenda Baraka walipe kulala pale, wale samaki wa mukeke wa kuchoma, waamke waoge ziwani.

"Mujomba," akasema, "weye ulilalaka kule Marekani kando ya ziwa na bafarasi. Tuambie tuanzie wapi. Picha tuko nazo."

Picha alizozitaja ni zangu, nilimtumia miaka iliyopita. Hema la kijani, ziwa nyuma yake, farasi wawili wamefungwa kwenye kamba iliyopita juu ya vichwa vyao, na mimi katikati nimevaa kofia isiyonikaa. Ukiziangalia utadhani kulala nje kando ya ziwa ni jambo la hema, kofia na moto wa kuni.

Nilimwomba siku mbili nipange mawazo. Zikawa wiki mbili. Kila nikibonyeza kitufe nianze kusema, najikuta nazungumzia mavi, na kijana anayetafuta biashara humwambii habari za mavi kabla hujamaliza hata kumjulia hali mama yake. Ndiyo maana nimeona niandike kwanza.

Nilizaliwa Mboko mwaka 1984, na mpaka naota ndevu farasi niliowajua walikuwa wanne tu, wale wa Ufunuo. Mchungaji wetu aliwahubiri vizuri mno, kwato zao, ngurumo zao na wapandaji wao, hata nikaamini kwamba farasi ni mnyama anayekuja dunia ikiwa imekwisha. Mbuzi tulikuwa nao, na kuku, na bata waliolala chini ya mitumbwi. Ng'ombe tuliwaona wakishuka kutoka milimani kiangazi majani yakikauka huko juu, na ugomvi ukishuka pamoja nao, kwa sababu ng'ombe hajui mpaka wa shamba la mihogo. Farasi, hapana.

Siku hizi najua kwa nini. Nchi nyingi za kandokando ya Tanganyika na njia za zamani za kutoka pwani iliyo mkabala wa Zanzibar kuja huku zilikuwa na mbung'o, na mnyama wa kupandwa akishaumwa na mbung'o mwenye vijidudu, mara nyingi hesabu yake imekwisha. Wasafiri Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na punda waliotoka nao pwani wengi walikuwa mifupa njiani. Walipotaka kuja upande wetu walikodi mitumbwi. Wakapita Ubwari, ile rasi tunayoiona kutoka Mboko kila siku anga likitakata, na Burton akaondoka akiamini ni kisiwa. Nawahurumia, kwani ukiwa umekaa chini ndani ya mtumbwi, Ubwari ni kisiwa kweli. Stanley naye aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili na punda 27. Farasi wote wawili walimfia mwanzoni kabisa mwa safari. Mmoja alimpasua tumbo ili ajue kilichomuua, akakuta minyoo imeng'ang'ania ukuta wa tumbo. Hata Che Guevara, alipovuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965 kuja kupigana kwetu Fizi, milima ile aliipanda kwa miguu yake mwenyewe na pumu yake kifuani.

Hilo la Stanley kupasua tumbo nililisoma nikiwa mtu mzima, na nilimwelewa. Mwenye farasi, mawazo yake yote yako tumboni mwa farasi.

Lakini somo la kwanza la kulala kando ya ziwa sikulipata kwa farasi. Uvira ilipoanguka vitani mwishoni mwa Oktoba 1996, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulivuka ziwa usiku. Katika mtumbwi wetu mlikuwa na mzee aliyekataa kuacha mbuzi wake, na watu walimtukana mpaka katikati ya ziwa, kisha wakanyamaza kwa sababu mbuzi alikuwa ndiye pekee asiyetapika. Upande wa pili, karibu na Kigoma, tulilala mchangani bila kitu juu, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila usiku mitumbwi ikizidi kuja.

Nikikumbuka ufuko ule sikumbuki njaa. Nakumbuka giza la saa kumi alfajiri, watu wakienda ukingoni kujisaidia kwa sababu kulikuwa hakuna pengine pa kwenda, na baada ya saa moja mama zetu wakishuka palepale na sufuria kuchota maji. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema, kwani kusema kungetaka jibu, na jibu hatukuwa nalo. Siku ya tano mdogo wangu wa mwisho alianza kuhara. Hakufika Nyarugusu, kambi ya wakimbizi tuliyopelekwa.

Nyarugusu nilikaa miaka kumi na saba, na mambo yake yametosha kuandikwa na wengine. Nitataja moja. Nilipofika miaka kumi na tisa niliingizwa kwenye kikundi cha vijana wa usafi, malipo yakiwa sabuni na fulana. Kazi yetu ilikuwa kupita block hadi block tukipima: choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka penye maji, na chini ya shimo pabaki mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla hujakuta maji ya ardhini. Hatukuwa na futi ya kupimia, tulipima kwa hatua, nami hatua zangu arobaini zilikuwa mita 30. Watu walitucheka. Walituita mainjinia wa mavi. Nami niliona haya, nikamficha binti mmoja niliyempenda kwamba hiyo ndiyo kazi yangu, mpaka siku nilipokwenda kupima choo cha kwao.

Mwaka 2013 tukapelekwa Lexington, jimbo la Kentucky. Watu wa Fizi na Uvira wako wengi pale, dukani utasikia Kiswahili cha kwetu kabla hujafika kwenye mchele. Na mji wenyewe umezungukwa na farasi. Unatoka na basi, nyumba zinaisha, unaanza kuona ua wa mbao, maili kwa maili, na ndani yake wale wanyama wa mwisho wa dunia wakila majani kwa utulivu kama mbuzi wa nyanya yangu.

Kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa zizini. Saa kumi na nusu alfajiri, toroli, uma wa meno mengi, na vyumba kumi na vinne. Farasi mmoja mzima anatoa kiasi cha kilo 20 za mavi kwa siku. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimepata kazi ya mifugo, nikaishia hapo.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Guatemala. Yeye hakujua Kiingereza kingi na mimi sikujua Kispanyola hata neno, basi alifundisha kwa mikono. Wiki ya kwanza nilikuwa nazoa haraka haraka ili nimalize. Akanishika mkono, akachutama, akaokota donge moja kwa vidole vilivyo wazi, bila glovu, akalivunja katikati kama mtu anavyovunja andazi, akanionyesha. Ndani majani yalikuwa mafupi, yamesagika, yana unyevu kidogo, nje donge linang'aa. Akaitikia kwa kichwa: hivi ndivyo. Akanipeleka chumba kingine, akaokota la pili. Kavu, majani marefu yanachomoza kama mswaki uliozeeka. Akagonga meno yake kwa ukucha, akamnyooshea farasi kidole. Meno ya yule mnyama yalikuwa mabovu, hatafuni vizuri. Akamwita msimamizi, na kesho yake daktari wa meno ya farasi akaja. Kumbe kuna watu wana kazi hiyo.

Tangu siku ile sikuona haya tena. Kule kambini tulipima umbali wa mavi tu, hatukuwahi kuyasoma.

Kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja Mzungu, mjane, mwenye farasi wawili wa kupanda kwa starehe. Mumewe alipokuwa hai walikuwa wakienda nao kulala kando ya maziwa, na alipobaki peke yake hakuweza kuinua matandiko wala kufunga trela. Mwaka 2016 akaniuliza kama ningefuatana naye, mafuta na chakula juu yake. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. "Miaka kumi na saba ndani ya hema," akasema, "sasa unarudi mwenyewe, tena kwa mapenzi yako?"

Tulikwenda ziwa la Taylorsville, mwendo wa saa moja na kitu. Ni ziwa la kutengenezwa, wamezuia mto Salt kwa bwawa, na kando yake jimbo limeweka hifadhi yenye sehemu ya kambi ya watu wenye farasi. Langoni kijana wa sare alitusalimu vizuri, kisha akaomba karatasi. Mimi mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta kitambulisho, kwa mazoea. Hakuutazama. Alitaka karatasi za farasi. Kila farasi lazima awe na cheti kwamba damu yake imepimwa ndani ya mwaka, kipimo wanakiita Coggins, ni cha ugonjwa wa damu ambao nzi wanaouma huutoa kwa farasi huyu wakampa yule. Nzi tena! Farasi jike, ambaye kimoyomoyo nilimwita Mukeke kwa ajili ya ubavu wake wa fedha, alikuwa na karatasi yenye picha yake, rangi yake, alama ya paji la uso, sahihi ya daktari. Nilimtazama kwenye kioo cha gari nikafikiri jinsi nilivyoingoja karatasi yangu mimi. Sikumwonea wivu, ila nilicheka peke yangu na yule mama akauliza nacheka nini, nikasema mambo ya nyumbani.

Jioni ile nilifanya kosa. Yule mama alikuwa amechoka, akaniachia farasi. Nikawafunga kwenye mti mmoja mmoja, karibu kabisa na maji, ili wakisikia kiu usiku wanywe wenyewe. Kwa akili yangu ulikuwa wema. Asubuhi nilikuta Mukeke ametafuna gome la mti mpaka kweupe, amezunguka na kuchimba kwa kwato hadi mizizi imetokeza, na chini ya mti pamekuwa tope la mavi na mkojo linaloshuka taratibu kuelekea ziwani, rangi ya chai ya maziwa. Utando wake ulikuwa umeshaingia majini urefu wa mkono.

Mzee wa hema la jirani alikuja na kahawa yake. Alitazama mti, akatazama maji, akanitazama. Nilijiandaa kusemwa. Akaenda akarudi na mabeleshi mawili. Tulizoa kwa saa nzima, tukasukuma toroli hadi kwenye pipa kubwa lililowekwa kwa kazi hiyo mbali upande wa juu, tukafukia mizizi. Kisha akanionyesha namna ya kufunga kamba ya juu: unatafuta miti miwili minene, unaizungushia mikanda mipana ili kamba isile gome, unakaza kamba baina yake juu kuliko kichwa cha farasi, halafu ndipo unamfunga farasi kwenye kamba, si kwenye mti. Na maji? Unambebea. Farasi anaweza kunywa lita 40 kwa siku ya joto, na zote unazibeba kwa ndoo kutoka ziwani, kwa sababu kambi inakaa juu. "Hatua sabini," yule mzee akasema, akazihesabu mbele yangu kwa miguu yake mirefu.

Hatua sabini zake, arobaini zangu. Sikumwambia kwamba niliwahi kulipwa sabuni kwa kujua jambo lile, na kwamba nililisahau siku ya kwanza nilipolala nje kwa starehe. Nadhani ndivyo starehe inavyofanya. Shidani unakumbuka choo kwa sababu umeona kinachotokea kisipokuwepo. Ukija kufurahi unatazama ziwa tu.

Baada ya hapo tulikwenda mara nyingi. Safari ninayotaka kuisimulia ni ya Oktoba 2017, magharibi mwa Kentucky, mahali paitwapo Land Between the Lakes, nchi iliyo kati ya maziwa. Zamani ilikuwa kati ya mito, Tennessee na Cumberland. Bwawa la kwanza likakamilika 1944, la pili 1966, mito ikawa maziwa, na katikati ikabaki rasi ndefu yenye misitu. Kuna kambi ya farasi pale inaitwa Wranglers, ina mazizi, maji ya bomba, na njia za kupanda zinazoingia msituni. Nilipoona ramani nilisema moyoni: Ubwari. Maji kulia, maji kushoto, na mgongo wa vilima katikati.

Usiku wa pili, kama saa tatu, Mukeke aliacha kula. Akaanza kuparua ardhi kwa mguu wa mbele. Akageuza shingo akatazama ubavu wake kama mtu aliyeguswa begani, akarudi, akatazama tena. Yule mama alitoka hemani na kofia ya kulalia, akaweka sikio tumboni mwa farasi, akakaa hivyo kwa muda. "Kimya," akasema.

Farasi hawezi kutapika. Mlango wa kuingilia tumbo lake unapitisha upande mmoja tu, kilichoingia lazima kitokee nyuma au kimuue. Utumbo ukisokotwa au ukiziba, unaweza kumpoteza kabla ya jua kuchomoza. Daktari alipigiwa simu, alikuwa mbali, akasema mwondoleeni chakula, mtembezeni, msimwache abingirike, nipigieni kukiwa na mabadiliko. Nikashika kamba, tukaanza kutembea. Barabara ya kambi ilikuwa duara la kokoto. Tulizunguka. Saa nne, saa tano, saa sita. Majirani walitoka mmoja mmoja. Mmoja akanipokea kamba nikanywa maji, mwingine akaleta blanketi akamfunika farasi mgongoni. Kufikia saa nane usiku tulikuwa watu tisa, hatujuani majina, tunatembea nyuma ya mkia wa farasi na taa za kichwani, tunangoja mavi.

Sijui kama naweza kuieleza ile hali kwa mtu ambaye hakuwepo. Kila Mukeke akiinua mkia kidogo, sote tulisimama. Upepo ukatoka, watu wakashangilia kwa sauti ya chini. Tukaendelea. Kama saa kumi alfajiri, giza lilelile ninalolijua mimi, alisimama, akainua mkia, na madonge manne yakaanguka kwenye kokoto. Mwanamume mmoja mnene alivua kofia. Yule mama alikaa chini palepale akalia. Nami nilichutama, nikaokota moja kwa mkono mtupu, nikalivunja. Lilikuwa gumu, limefunikwa na ute, lakini lilikuwa limetoka.

Nililitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nawaza ufuko wa Kigoma, na mtoto ambaye yeye tatizo lake lilikuwa kinyume, na watu wengi waliokuwa macho saa hiyohiyo wasijue la kufanya. Kisha nikachukua beleshi nikayazoa, kwa sababu hata mavi ya furaha hayaachwi barabarani.

Asubuhi, mnyama akipumzika, nilitembea peke yangu msituni nikakuta makaburi. Uzio mdogo, mawe ya zamani, na mama mzee mwenye reki anakusanya majani. Niligeuka niondoke, akaniita. Akaniambia kwamba alizaliwa pale. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitangaza kwamba nchi ile iwe mahali pa watu kupumzika, na mamia ya familia zikaondolewa, mashamba, maduka, shule. Makanisa mengi nayo yakaenda. Makaburi yakabaki, zaidi ya 200 katika rasi nzima, na wenyewe wanaruhusiwa kuja kuyafagia. Kambi yetu ya farasi aliijua. Alisema pazuri, hana neno, watu wa farasi ni wasafi kuliko wa mashua. Kisha akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia kuna ziwa, na kuna rasi kama hii.

"Kwenu nani anafagia?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Baba yangu alibaki Mboko mwaka ule wa 1996 na akafa miaka miwili baadaye, na kaburi lake nililijua kwa kuelezwa tu.

Mwaka 2019 nilikwenda. Bujumbura, mpaka, Uvira, halafu barabara ya taifa nambari 5 na mashimo yake, ziwa mkono wa kushoto njia nzima. Kaburi nilionyeshwa. Dada yangu, mama yake huyu mpwa, ndiye aliyekuwa akifagia, miaka yote ile, na hakuwahi kunitajia kwa sababu hakuona kama ni habari.

Ilikuwa mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu wavuvi wa taa hawaendi, ndagala hawakusanyiki penye mwanga wa taa ikiwa ziwa zima lina mwanga, basi hukaa ufukweni wakishona nyavu. Nililala nao mchangani. Bukari na ndagala wa kukaanga, hadithi za waliovuka na hawakurudi, mtoto mmoja akilala juu ya rundo la nyavu kama paka. Nimelala kando ya maziwa mengi ya Wamarekani na sijaona usiku mzuri kama ule. Hilo nilitaka mpwa wangu alijue: hema zake mbili zina haki ya kuwepo. Mtu wa Uvira akilipa kwa ajili ya usiku wa namna ile hajaibiwa.

Ila nilipoamka alfajiri niliona mwanamume amechutama ukingoni, na msichana na dumu la njano anachota maji. Nilihesabu hatua baina yao bila kutaka. Kumi na moja. Kipindupindu kwetu, kuanzia Uvira mpaka Baraka, si mgeni anayekuja na kuondoka, ni mwenyeji anayesinzia. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Tena lile ziwa lenyewe lilipanda. Mwaka 2024 maji yalikula fukwe pande zote, Bujumbura, Uvira, kwetu, yakaingia nyumba za watu. Wazee wanasema liliwahi kufanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 60, na wako sahihi. Kabla ya hapo pia: Stanley alipopita 1876, mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili, aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, na ziwa limejaa; miaka michache baadaye mlango ukafunguka, maji yakashuka. Ziwa nalo lina tumbo. Likiziba, vyoo vya pwani yote vinaingia majini kabla ya kitu kingine chochote, kwani watu masikini hujenga choo mahali ambapo hakuna anayepataka, yaani chini kabisa.

Hayo yote mwishowe nilimweleza mpwa wangu kwa dakika kumi na mbili za sauti, katika vipande vinne, kwa sababu intaneti ya kwao haimezi kipande kirefu. Nikamwambia hema aziache ndani ya mfuko. Aanze na jembe. Achimbe pale anapotaka kuweka choo cha wageni, aniambie anakuta nini.

Alinyamaza siku tatu, nikajua nimemkera. Ya nne ikaja picha. Shimo mchangani, jembe limesimamishwa ndani yake, na maji yamefika kwenye goti la kijana aliyesimama chini akicheka. Hata mita moja haikufika.

Nikaandika: panda juu. Akajibu kwamba juu, ukivuka barabara, ni shamba la mihogo la bibi mmoja mjane, na yule bibi ana maneno. Nikaandika: kamuombe, nenda na sukari, usiende na wenzako wote wanne.

Jana jioni alinipigia mwenyewe, si kwa sauti ya kurekodi. Alikwenda. Bibi alimkaribisha, akapokea sukari, akasikiliza habari ya hema, mukeke, watu wa Uvira, mashirika, picha za Marekani, farasi. Alipomaliza bibi akakaa kimya, kisha akauliza neno moja tu: hao bageni bako, batakuya bangapi, na kila moja atakunya mara ngapi?

"Sasa mujomba," mpwa wangu akasema, "nimujibu nini?"